Mama Jeli na Bega Langu la Kushoto

Wakubwa wa idara wamenipa kazi ya kuandika maisha ya Mama Jeli, kwa kuwa anastaafu mwezi ujao na mimi ndiye niliyekaa naye kuliko wote. Wamesema niandike ukweli, nisipige chuku. Haya. Ukweli wa kwanza ni kwamba nimemwonea wivu mwanamke huyu kwa miaka kumi na sita. Si wivu wa mapenzi. Mume wangu nikimuuliza Mama Jeli ni mrefu au mfupi hajui. Ni wivu wa kazi, na huo ni mbaya zaidi, kwa sababu wa mapenzi angalau watu hukupa pole.

Jina hilo alipewa na wagonjwa, kwa ajili ya ile jeli ya baridi anayowapaka kabla ya kuwapima kwa ultrasaundi. Mimi napiga eksirei, chumba cha jirani, chenye mlango mzito. Mimi wameniita Bi Usipumue, maana kutwa nzima sina neno lingine: vuta pumzi, usipumue, haya, pumua. Hebu pima mwenyewe, msomaji. Yeye kapewa jina la kitu cha kupaka kwenye mkate, mimi jina la mnyongaji. Hata hapo alinitangulia.

Alikulia katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli. Baba yake alikuwa fundi rangi, na alipofika miaka arobaini mkono wake wa kulia ukakataa kupanda juu ya kifua. Akaenda hospitali, akapigwa eksirei, akaambiwa mfupa hauna neno, arudi nyumbani. Basi mzee akawa anapaka nusu ya chini ya ukuta, na nusu ya juu anamaliziwa na binti yake, amesimama juu ya meza akiwa bado na sare ya shule. Mwenye nyumba akiuliza mbona rangi ya juu ina michirizi, mzee humjibu kwamba hiyo ndiyo fasheni. Mama Jeli huisimulia hadithi hii huku akicheka, na watu wote wa chumba cha chai hucheka naye. Mimi nilikuwa sicheki. Kila akifika pale kwenye "mfupa hauna neno" nilihisi ananitazama mimi, ingawa baba yake alipigwa picha hiyo mimi bado nanyonya.

Na ni kweli eksirei huona mfupa tu. Kano, zile kamba ngumu zinazoufunga msuli na mfupa, kwenye picha yangu hupita kama hazipo. Bega la mtu linaweza kuwa limechanika kano mbili na picha ikatoka safi kama ya mtoto. Hilo si kosa langu. Mashine ndiyo ilivyo.

Aliingia idarani kwetu na ndoo na tambara la kupiga deki. Wakati huo tulikuwa bado tunasafisha picha kwa maji ya dawa katika chumba cha giza, na yeye akimaliza sakafu alikuwa anasimama mlangoni kunitazama. Nikamfundisha. Nilimfundisha kwa moyo mweupe, nakiri, kwa sababu mtu mwenye ndoo haogopwi na mtu. Akasoma masomo ya jioni, akapata cheti, akawa msaidizi wangu. Akaniita dada kwa heshima ya kazi, nami nikamwita mdogo wangu ingawa kanizidi umri, tukawa tunakula sahani moja.

Kisha mkuu wa idara wa wakati ule akaniita ofisini. Akasema imepatikana nafasi ya mafunzo ya ultrasaundi, miezi minane, mji mwingine, na nafasi ni yangu nikiitaka.

"Mkuu," nikamwambia, "hiyo si ya kupima wajawazito? Mimi mtu wa mifupa niende kuhesabu vichwa vya watoto tumboni?"

Akacheka, akampa yeye. Kwa hiyo msimlaumu Mama Jeli, wala msinihurumie mimi. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Aliporudi alianza na wajawazito kweli, na mimi nikalala usingizi mzuri. Mwaka haukuisha akaanza mabega. Daktari wetu wa upasuaji, ambaye hospitali nzima tunamwita Daktari Mabega, alikuwa akiingia begani mwa mtu kwa kubahatisha. Ana picha yangu ya mfupa, ana maneno ya mgonjwa, basi. Akifungua anakuta jingine kabisa na alilolitarajia. Mama Jeli akamwomba amletee mgonjwa mmoja kabla ya kisu, ajaribu.

Na hapa lazima niseme anavyofanya, maana ndipo roho inaponiuma. Hamlazi mgonjwa akamwambia atulie. Anamketisha kwenye kiti cha kuzunguka, anamwekea kichwa cha mashine begani, halafu anamwambia: nionyeshe kazi yako. Mwalimu anaandika ubaoni hewani. Mama anaanika nguo kwenye kamba isiyokuwepo. Fundi plasta anarusha chokaa ukutani. Na mkono ukienda, kano inakwenda nao kwenye kioo cha mashine, na pale inapokwama au inapoacha tundu jeusi, Mama Jeli anasimamisha picha na kupima. Kisha anachukua karatasi na kalamu, anachora bega: tundu liko hapa, lina upana huu, kano imerudi nyuma kiasi hiki, itavutika au haitavutika. Daktari anaibandika karatasi hiyo ukutani mwa chumba cha upasuaji na kuifuata kama mpishi anayefuata maelekezo. Picha zangu pia hubandikwa, pembeni.

Huyo fundi plasta namkumbuka vizuri. Mama Jeli alimkuta na mchaniko wa sentimita mbili, daktari akamshona kwa matundu madogo matatu na kamera, na baada ya miezi sita jamaa akarudi kutuonyesha mkono umepanda mpaka kwenye fremu ya mlango. Alimshukuru daktari, akamshukuru Mama Jeli, akamshukuru hata mlinzi. Mlangoni kwangu akapita kama anayepita ukuta. Na mimi nilimpiga picha! Ule mfupa wake safi nani aliuona? Jambo lile lilinikata maini wiki nzima. Mwenye wivu ajinyonge, wanasema. Mimi sikujinyonga kwa sababu nilikuwa na zamu.

Sasa nifike kwenye bega langu, maana maisha ya Mama Jeli bila bega langu hayajakamilika.

Mwaka jana lilianza kuuma la kushoto. Kwanza nikiinua kaseti, lile sanduku bapa la kuwekea filamu ya picha, kutoka rafu ya juu, kisha nikifunga zipu mgongoni, kisha hata nikichana nywele. Mwenzangu wa zamu akanipiga eksirei, mfupa hauna neno. Nilijua. Pale nyumbani mume wangu akawa ndiye anayenivalisha, na anavalisha kama anayetia viazi guniani.

"Mke wangu," akaniambia asubuhi moja, zipu imemshinda, "huyo mwenzako wa mlango wa pili si ndiye bingwa wa mabega?"

"Nani kakwambia?"

"Wewe. Kila siku ukirudi unamsema yeye tu."

Siku yangu ya mapumziko nikamwomba shemeji anipeleke ng'ambo ya mji, kwenye hospitali yenye ile mashine kubwa ya sumaku, MRI. Nikaingizwa ndani ya lile bomba, likagonga gonga kama fundi bati, nikatoka na majibu: kano ya juu ya bega imechanika, milimita sita. Mtaniona mwendawazimu, lakini nilifurahi. Nilikuwa na ugonjwa wenye jina na kipimo, na Mama Jeli hakuuona yeye.

Sisi watu wa hospitali tuna tabia moja ambayo hatuwaambii wagonjwa. Hatupangi foleni. Hatufungui faili. Tukiumwa tunamvizia daktari kati ya mlango na mlango, tunamwonyesha picha dirishani, anatoa shauri huku anatembea, kwisha. Koridoni hapo watu wamepewa miwani, wamepewa dawa za presha, mmoja wetu aling'olewa hata jino. Nami nikamvizia Daktari Mabega anatoka kunawa mikono. Akainua picha yangu kwenye mwanga.

"Kano imechanika," akasema. "Linakuuma sana?"

"Silali upande huo, daktari."

"Nitakushona Alhamisi. Ila pitia kwa Mama Jeli kwanza."

"Si picha ya sumaku imeshaonyesha kila kitu?"

"Bi Usipumue, mimi siingii begani mwa mtu bila karatasi yake." Na huyo akaenda zake.

Maneno hayo yalinichoma kuliko bega. Nikaamua sipitii. Mimi ni mtu wa kufa na tai shingoni. Nikajua fika ninachokiweka rehani: mkono ule ndio unaoinua kaseti, ndio unaogeuza wagonjwa mezani, na mpiga picha asiyeweza kuinua mkono hupelekwa masjala kupanga mafaili mpaka astaafu. Lakini kukaa kwenye kile kiti cha kuzunguka, niambiwe nionyeshe kazi yangu, na nani? Na yule niliyemfundisha kushika picha kwa ncha za vidole. Bora kisu.

Jumatano adhuhuri sista wa chumba cha upasuaji akanishika mlangoni. Huyu sista hana utani na mtu.

"Jina lako kwenye orodha ya kesho nimelizungushia wino mwekundu," akasema. "Karatasi ya Mama Jeli iko wapi?"

"Daktari kaniona mwenyewe."

"Hata mama yangu mzazi simwingizi bila karatasi. Nenda. Au nifute?"

Nikajikaza kisabuni, nikaenda.

"Karibu, dada," Mama Jeli akasema. Hakusema nimechelewa. Hakusema amesikia nilikwenda ng'ambo ya mji, ingawa idara nzima ilikuwa imesikia. Angelisema ningepata pa kuanzia ugomvi. Nikaketi, nikatoa bega la kushoto, naye akaomba la kulia.

"Hilo haliumi," nikamwambia.

"Najua. Lazima nilijue zima ndipo nilijue bovu."

"Niharakishie, kesho napasuliwa."

"Kisu hakikimbii, dada yangu. Kaa."

Jeli ilikuwa ya baridi kweli, wagonjwa hawakunisingizia. Akaitembeza mashine kidogo, akasimamisha picha, akageuza kioo nione. Kwenye kano ya juu ya bega langu la kulia, bega ambalo halijanipigia kelele tangu nizaliwe, palikuwa na tundu dogo jeusi.

"Milimita tano na nusu," akasema. "Hili limewahi kukuuma?"

"Kamwe."

"Umri wetu huu wengi wanalo. Wanafua, wanabeba wajukuu, hawana habari."

Akahamia la kushoto. Tundu lile lile, milimita sita, kama mapacha. Kisha akataka kuona kano ya mbele, na hiyo haionekani mpaka ubane kiwiko ubavuni na kufungua mkono kwa nje. Wa kulia ulifunguka bila tabu. Wa kushoto ukakataa. Akaweka kichwa cha mashine chini, akafuta jeli mikononi, akashika kiwiko changu kwa mkono mmoja na kifundo kwa mwingine.

"Legeza. Niachie mimi nigeuze."

Nikamwachia. Mkono ukafika mahali ukagota kama mlango wenye komeo, na machozi yakanitoka mbele yake, kitu nilichoapa hakitatokea maishani.

"Dada, nani ameushika mkono huu tangu uanze kuuma?"

Nikafikiri. Mwenzangu wa zamu alinisimamisha tu mbele ya mashine. Wale wa bomba walinilaza na kunifunga mkanda. Daktari alishika picha. Mume wangu alishika zipu.

"Hakuna," nikasema.

"Bega lako limeganda. Ule mfuko unaozunguka kiungo umekakamaa, ndiyo maana haligeuki hata likigeuzwa na mtu mwingine. Huu mchaniko umeonekana kwa sababu umetafutwa. Sasa wakikushona kesho na kuufunga mkono wiki kadhaa, litazidi kukaza. Pengine usilipate tena." Akanipa kitambaa, nifute jeli au machozi, nichague mwenyewe. "Sindano, mazoezi, na uvumilivu. Linaweza kuchukua hata mwaka, lakini huwa linaachia."

Mtu mwenye akili angemkumbatia. Mimi kijiba cha roho kilinipanda mpaka kooni. Kwa nini yeye? Mimi niliye na miaka ishirini na tisa kazini, ninayewaambia wanafunzi kila siku kwamba picha bila mgonjwa ni kivuli tu, nimebeba kivuli changu mwenyewe koridoni nikakifurahia. Mganga hajigangi, sawa, lakini angalau asimpelekee mpinzani wake ushindi nyumbani.

Akachora karatasi yake, mabega mawili sasa, akaikunja.

"Mpelekee daktari mwenyewe," akasema. "Nikipeleka mimi ataanza kukuuliza kwa nini ulimvizia koridoni. Hiyo ni aibu ya bure."

Nikamkuta Daktari Mabega anakunywa maji. Nikamwambia asinipasue, bega limeganda. Akashangaa, akaweka glasi, akashika kiwiko changu, akageuza. Likagota. Uso wake ukabadilika.

"Mungu wangu! Na mimi sikukushika kabisa. Mama Jeli ndiye aliyegundua?"

Karatasi ilikuwa mfukoni, vidole vyangu viko juu yake.

"Sijaenda kwake bado," nikasema. "Nimejikagua mwenyewe. Nikalinganisha na la kulia."

Ulitoka bila hata kukwama, ule uongo. Akanitazama kwa namna ambayo sikuwahi kutazamwa na daktari yeyote, na ninakiri ilikuwa tamu. Usiku huo nililala kama mtoto, kwa upande wa kulia.

Kesho yake asubuhi tukawa na kikao cha idara, kama kila Alhamisi, kwenye chumba chenye ubao wa taa wa kutundikia picha. Mama Jeli alikuwa amekaa mstari wa mbele na kikombe chake cha chai. Daktari Mabega akasimama. Akasimulia yote, hakujificha hata yeye: jinsi alivyotaka kumpasua mtu bila kumshika, na jinsi mtu huyo alivyojiokoa mwenyewe kwa kulinganisha mabega mawili. Watu wakapiga makofi. Mlinzi pia alipiga makofi, sijui alikuwa anafanya nini mle ndani.

"Kumbe tuna jicho hapa na tumeliacha kwenye eksirei," akasema. "Kuanzia leo, wagonjwa wa mabega waanzie kwa Bi Usipumue. Yeye ndiye atakayewashika na kusema nani apasuliwe, nani asipasuliwe. Mama Jeli tumpunguzie mzigo, abaki na wajawazito."

Miaka kumi na sita nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo. Nilikuwa hata nimeyaota, kwa sauti hiyo hiyo ya daktari. Nikamtazama Mama Jeli. Nilitaka aruke, anikane, aniite mwongo mbele ya watu, maana ningejua la kumjibu. Nilikuwa nimeandaa majibu tangu alfajiri. Hakuruka. Alikitazama kikombe chake. Nikawaza wale watakaokuja Jumatatu, mwalimu wa ubaoni, mama wa kuanika nguo, wamekaa mbele yangu wakisubiri niwaambie wapasuliwe au la. Na mimi sijui. Nilijua kutazama mfupa.

Kikao kikawa kinavunjika. Nilikuwa nimeshika koti langu jeupe, nimeingiza mkono wa kulia, wa kushoto umegoma nyuma huko, nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mama Jeli akaweka kikombe chini. Akaja, akanivua mkono wa kulia taratibu, akaanza upya na wa kushoto.

"Anza na mgonjwa siku zote, dada," akasema polepole, mimi tu nisikie. "Mzima atafuata."

Akanipandishia koti begani, akanifunga kifungo cha juu. Hapakuwa na kejeli hata chembe usoni mwake, na niliitafuta.

"Daktari," nikasema. Alikuwa ameshafika mlangoni na watu. "Si mimi. Ni yeye aliyegundua."

Sauti yangu ilikuwa ndogo. Daktari akageuka, akaweka mkono sikioni.

"Unasemaje, Bi Usipumue? Sijakusikia."

Chumba kizima kikanigeukia, na ikanibidi niseme tena, kwa sauti.